Fuvu Hili ni la Nani?



Safari ya mwanafunzi kwenda makumbusho si jambo ambalo kwa desturi huandikiwa tahariri. Vijana wetu huenda, hutazama, hupiga picha, hurudi wakila mahindi ya kuchoma njiani, na mambo huishia hapo. Lakini binti mmoja anayesoma udaktari hapa Moshi, mzaliwa wa Kibosho, alikwenda Arusha pamoja na wenzake kuyaona Makumbusho ya Elimu Viumbe, naye aliporudi alituletea swali ambalo twaona si haki kulifungia ofisini. Yafaa lisomwe katika kila nyumba yenye kijana aliye chuoni, na hata katika nyumba isiyo na kijana wa namna hiyo, maana lahusu wafu, na hakuna nyumba isiyokuwa na wafu wake.

Alisema hivi: “Padre, nilisimama mbele ya fuvu moja la kale karibu nusu saa, na moyo wangu ulijaa furaha. Nilipokuwa natoka mlangoni nikakumbuka kichwa cha Mangi Meli kilichopelekwa Ulaya, nikaona uchungu mwingi. Hili ni fuvu na lile ni fuvu. Mbona lile la kwanza sikulionea haya?”

Tulimwambia, “Mwanangu, ngoja kidogo,” kwani swali la namna hii halijibiwi kwa kusimama mlangoni mwa kanisa.

Mama yake, mcha Mungu wa kweli, alikuwa na hofu nyingine kabisa. Alikuwa amesikia ya kuwa mle ndani wanafunzi huonyeshwa mifupa ya viumbe waliotutangulia kwa miaka mamilioni, akaogopa mwanawe asije akaipoteza imani kati ya Moshi na Arusha, safari ya kilomita 80 tu. Kwa hofu hiyo jibu ni fupi, kwa sababu Kanisa limekwisha kulitoa. Papa Pius XII, katika barua yake Humani Generis ya tarehe 12 Agosti 1950, alifundisha ya kuwa si marufuku kwa wataalamu kuchunguza kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe hai waliotangulia, mradi tushike ya kuwa roho huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Papa Yohane Paulo II, tarehe 22 Oktoba 1996, aliwaambia wataalamu wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi kwamba nadharia ya mageuzi ya viumbe si dhana tupu tena. Na anayedhani kwamba kuchimba miamba ni kazi ya wasioamini, na amtazame Mwenye Heri Niels Stensen wa Denmark, daktari mpasuaji wa maiti na mtaalamu wa mawe, aliyefariki mwaka 1686 akiwa askofu, na kutangazwa Mwenye Heri mwaka 1988. Yeye ndiye aliyeandika mwaka 1669 ya kuwa tabaka la chini la mwamba hutangulia lile la juu yake. Na kwa kanuni hiyo hiyo wachimbaji wa Olduvai hujua mpaka leo mfupa upi ni wa kale kuliko mwenziwe. Mama, mwache binti aende tena akipenda.

Swali lenyewe ni zito kuliko hofu ile.

Jengo la makumbusho hayo ya Arusha lina habari yake. Ni Boma la Wadachi, lililojengwa mwaka 1899 na 1900, na Waarusha na Wameru ndio waliolazimishwa kufanya kazi ya kulijenga. Ndani ya kuta hizo, zilizosimamishwa ili kuwatia watu hofu, leo watoto wa shule huonyeshwa nakala za mafuvu ya Olduvai na habari za nyayo za Laetoli. Kapteni Kurt Johannes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Moshi, aliongoza vita vya kuwatiisha watu wa Arusha na Meru. Na chini ya amri yake, tarehe 2 Machi 1900, watu 19 walinyongwa huko Old Moshi, wakishitakiwa kula njama dhidi ya serikali. Mmoja wao alikuwa Mangi Meli, mwana wa Mangi Rindi, ambaye mwaka 1892 aliwashinda Wadachi vitani, na mwaka uliofuata akashindwa naye. Pamoja naye alikufa Mangi Molelia wa Kibosho, na Mangi Ngalami wa Siha, na viongozi wengine wa Uchagani, Arusha na Meru. Mapokeo ya ukoo husema kwamba kichwa cha Mangi Meli kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Basi binti wa Kibosho alikuwa amesimama katika nyumba ya watu wale wale. Hatujui kama mwongozaji wa wageni alimwambia. Uchungu ulimpata mlangoni, na pengine kuta zilimsaidia.

Kwa nini mtu atake kichwa cha mtu aliyekwisha kumnyonga? Askari angeweza kujibu: ni ngawira ya vita. Jibu hilo ni ovu, lakini si geni duniani. Daudi naye alikibeba kichwa cha Goliathi. Jibu la pili ndilo lenye kutisha zaidi. Vichwa vilitakiwa kwa ajili ya elimu. Huko Berlin alikuwako daktari na mwalimu mkuu, Felix von Luschan, wa Makumbusho ya Makabila. Aliwaomba maafisa na madaktari waliokuwa katika makoloni wamletee mafuvu ya watu, apate kuyapima na kuyalinganisha, na mafuvu yakaja kwa maelfu. Wataalamu wa Berlin wa siku zetu walipochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na kutangaza matokeo yao mwaka 2023, walikuta 904 yametoka katika nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Yalikuwa na nambari. Mengine yalikuwa na jina la mahali. Machache sana yalikuwa na neno lolote la kumtaja mtu.

Na hapa twamwomba msomaji atulie kidogo, kwani ni rahisi kumfanya von Luschan kuwa zimwi, kisha tukalala usingizi. Hakuwa mtu wa kuhubiri ubora wa taifa moja juu ya jingine. Mwaka 1911 uliitishwa mjini London mkutano mkuu wa mataifa yote juu ya habari za makabila ya watu, naye alitoa hapo andiko lake, akifundisha kwamba wanadamu wote, weupe kwa weusi, wametoka katika shina moja. Ndiyo kusema kwamba, baada ya kupima vichwa vyote vile, aliufikia ukweli. Mtoto wa katekisimu wa Kilema, ambako misheni ilianza mwaka 1890, angaliweza kumwambia ukweli huo bila kupima hata fuvu moja. Lakini tusimcheke mtu aliyefika mahali pema kwa njia ndefu. Twauliza neno moja tu. Ikiwa wote ni ndugu, basi yale mafuvu yaliyokuwa makabatini mwake yalikuwa ya nani?

Mtu anayejua kwamba aliye mbele yake ni ndugu yake, naye akaendelea kumwita kwa nambari, ameukubali ukweli kwa akili na kuukana kwa mikono. Ukweli wenyewe hauharibiki kwa kukanwa hivyo, lakini yeye haumfai kitu. Von Luschan alipofariki mwaka 1924, mkusanyo wake binafsi wa mafuvu, maelfu kadhaa, uliuzwa, ukavuka bahari mpaka Makumbusho ya Viumbe ya New York nchini Marekani. Uliuzwa, wasomaji wapenzi. Wana wa Yakobo walipomwuza Yusufu angalau walikuwa na wivu moyoni. Hawa walikuwa na daftari la hesabu.

Twataja jambo hili kwa kirefu kwa sababu vijana wetu wengi wanafundishwa, na sisi wazazi na mapadre pia twapenda kuwafundisha, kwamba elimu itatupatanisha watu wote, kwamba ujinga ndio mama wa ukatili, na mtu akijua atatenda mema. Haiwi hivyo siku zote. Yule aliyejua hakuwa mjinga. Alikosa jambo jingine, ambalo halipimwi kwa rula wala kwa mizani.

Wenzake binti, tuliambiwa, walimjibu njiani kwa haraka: tofauti ni miaka. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliliona katika bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lina umri wa miaka 1,750,000 hivi. Hakuna aliye hai anayelilia. Mangi Meli ana wajukuu. Katika jibu hilo mna ukweli kiasi chake, kwani kilio cha jamaa ni haki inayosikika kuliko haki nyingine zote. Lakini miaka haiwezi kuwa jibu lote. Kama kilichonyang'anywa kinageuka kuwa halali kwa kukaa muda mrefu tu, basi mnyang'anyi hana haja ya kutubu. Na aketi kitini angojee. Tena tusisahau ya kuwa kuna wafu wa juzi wasio na wa kuwalilia, watoto wa mitaani na wageni waliofia hospitalini bila jamaa, nao mbele ya Mungu hawakupungukiwa na heshima hata chembe.

Mwingine alisema: ubaya ni kioo, mfupa wa mtu usitiwe katika kabati la kioo watu wakautazama. Na hili halitoshi. Huko Kalenga, karibu na Iringa, limo fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua tarehe 19 Julai 1898 asishikwe na Wadachi, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru kirudishwe katika muda wa miezi sita; kikarudi mwaka 1954, Gavana Twining alipokileta mwenyewe. Liko makumbusho, ndani ya kioo, wageni hulipa kiingilio na kulitazama. Wala Wahehe hawakuona kwamba babu yao ametukanwa, kwani yuko nyumbani, anaitwa kwa jina lake, nao wenyewe ndio wanaompokea mgeni na kumweleza.

Basi kioo hakina kosa. Wala kufukua hakuna kosa kwa kuwa ni kufukua. Wazee wa Uchagani walikuwa na desturi wanayoijua wale wenye mvi: baada ya muda walilifukua fuvu la mzee wa ukoo, wakaliweka mgombani katika kihamba chake, kati ya masale. Mgeni kutoka Ulaya aliyepita akaliona fuvu limewekwa chini ya migomba angeweza kudhani amekuta watu wasiojali wafu. Kumbe hapo palikuwa mahali pa kujaliwa kuliko pote. Sisi wenyewe Wakatoliki tusijifanye wageni katika jambo hili. Wanaokwenda kuhiji Namugongo nchini Uganda huyaheshimu masalia ya Mtakatifu Karoli Lwanga, aliyechomwa moto tarehe 3 Juni 1886, na katika altare nyingi za kale padre hutolea Misa juu ya mfupa wa mtakatifu. Mtu asiye wa dini yetu akituuliza, “Ninyi mnaoweka mifupa ya watu ndani ya dhahabu na kuibusu, mnawalaumuje watu wa Berlin?” asifukuzwe. Ameuliza vema.

Tutamjibu nini? Tutamwambia kwamba kila fuvu huweza kuulizwa maswali mawili. Swali moja ni hili: fuvu hili ni la nini? Yaani, ni la kiumbe gani, wa miaka mingapi, alikula nini, alikufa kwa nini. Ndilo swali la mwanasayansi, nalo ni swali jema. Mungu hakutupa akili ili tuizike. Swali la pili ni hili: fuvu hili ni la nani? Lugha yetu imeweka katika swali hilo moja mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga, yaani nani aliyekuwa nalo mabegani, na nani mwenye haki juu yake sasa. Mchagga aliyeweka fuvu la babu kati ya masale alijibu yote mawili kwa pamoja. Kanisa lijengapo altare juu ya masalia ya mtakatifu hujibu hivyo hivyo: ni wa fulani, aliyekufa siku fulani, naye ni wetu, na sisi ni wake. Ndiyo maana Kanuni ya 1190 ya Sheria za Kanisa yakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Huwezi kumwuza mtu wa kwenu.

Lugha yetu ina jambo jingine la kufikiriwa na wanafunzi wa udaktari. Mnyama akifa twasema mzoga. Mtu akifa twasema maiti, na wazee wetu waliosema Kiswahili kizuri hawakusema “maiti imezikwa,” bali “maiti amezikwa,” kama vile angali mmoja wetu. Binti huyu anajifunza kwa mwili wa mtu aliyekufa, kama kila daktari aliyemtibu mmoja wetu alivyojifunza. Hakuna dhambi katika kazi hiyo. Mwili ule umekabidhiwa kwa sheria, wafundishwa kwao wafunguao kisu kwa ajili ya wagonjwa, na masomo yakiisha wapaswa kuzikwa kwa heshima. Lakini mwalimu anayeruhusu mzaha mbele ya mwili huo, au mwanafunzi anayeupiga picha na kuituma kwa rafiki zake, amefanya mlangoni safari ambayo wale wa mwaka 1900 waliimaliza.

Sasa twaweza kumjibu binti kwa habari ya furaha yake. Zinjanthropus hakunyang'anywa mtu. Aliokotwa, tena katika vipande zaidi ya 400, navyo vikaunganishwa kwa saburi ambayo mtu huitumia tu kwa kitu anachokistahi. Hakuuawa ili apimwe. Hakuna nyumba iliyoachwa bila baba kwa ajili yake. Tena waliomwona walimpa jina la pwani yetu, maana Zinji ni neno la kale la nchi hizi, lile lile linalosikika katika Zanzibar. Na ingawa wataalamu wamembadilishia jina mara kwa mara, wala hatuhesabu kwamba yeye ni babu yetu hasa, bali tawi la pembeni lililokatika, mtu anaweza kusimama mbele yake akasema: Bwana, kazi zako ni nyingi jinsi gani. Hali kadhalika nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka 3,600,000 na zaidi, zilizoonekana katika miaka ya 1970. Zilipokwisha kupimwa na kufanyiwa nakala, zilifunikwa tena kwa udongo katika miaka ya 1990 zisije zikaharibika. Elimu ijuayo kufunika ni elimu yenye adabu. Nyayo nyingine ziligunduliwa hapo hapo, na habari zake zikatangazwa mwaka 2016, na waliokuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo walikuwa wataalamu Watanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hilo nalo lisipite kimya. Watoto wetu si watu wa kupimwa tu. Wamekwisha kuwa wapimaji.

Kwa hiyo furaha ya binti ilikuwa halali, na uchungu wake ulikuwa halali, wala hana haja ya kuua mmoja ili mwingine uishi.

Wako watakaotuambia: Padre, mwawasumbua watu kwa mifupa. Mungu atawafufua hata waliozama Ziwa Victoria katika Mv Bukoba mwaka 1996, wasionekane miili yao. Atashindwaje kumfufua aliye Berlin? Ni kweli, hatashindwa. Mifupa haihitajiwi na Mungu ili atimize ahadi yake. Yahitajiwa na sisi, tupate kumtendea mtu yule jambo la mwisho tuwezalo kumtendea, kwani kuzika wafu ni tendo la huruma, nalo halikuandikwa katika katekisimu ili kumsaidia Mungu. Tobiti aliondoka mezani, chakula kikiwa bado moto, akamzike Mwisraeli mwenzake aliyetupwa sokoni huko Ninawi. Na majirani walimcheka.

Zaidi ya Tobiti yuko Rispa binti Aya, ambaye hatumsikii mara nyingi mimbarani. Habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21. Watu saba wa nyumba ya Sauli walinyongwa mlimani kwa sababu za siasa, wawili kati yao wana wake. Hakuwa na jeshi, wala hakuwa na neno la kumwambia mfalme. Alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama wa mwitu usiku. Habari zikamfikia Daudi. Naye Daudi akaona aibu ya mambo aliyoyaahirisha; akaenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa ugenini Yabeshi-Gileadi, akaikusanya pamoja na ya wale walionyongwa, akaizika katika kaburi la baba yao. Mwanamke mmoja mwenye gunia alimfundisha mfalme kazi yake.

Hapa mlimani kwetu gunia hilo lilitandikwa na mzee Isaria Meli, mjukuu wa Mangi. Kwa miaka zaidi ya 50 aliuliza kichwa cha babu yake kiko wapi, akiandika na kuwaeleza wote waliokubali kumsikiliza. Na mwaka 2018, akiwa mzee sana, alisafiri mpaka Berlin kutoa mate yake yapimwe vinasaba. Na ajabu yenyewe ni kwamba kazi iliyofuata ilifanywa na wanasayansi. Elimu iliyofuta majina ndiyo iliyoanza kuyarudisha. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa huko Berlin kwamba mafuvu manane yalilinganishwa na vinasaba vya watu wa kwetu. Moja likalingana kabisa na mzao aliye hai, na mawili yakakaribia kulingana kabisa na mtu wa ukoo mwingine wa Kichagga. Cha Mangi Meli mwenyewe hakikuwamo katika hayo matatu. Mwezi uliofuata, makumbusho yale ya New York yalitangaza kwamba yataiondoa mifupa yote ya binadamu katika maonyesho yake.

Tazama tofauti ya vipimo hivi viwili, vyote vya kisayansi. Cha kwanza kililipima fuvu ili mwenye kupima ajue habari ya kabila. Mwenye fuvu hakuhesabiwa kuwa mtu wa kuulizwa. Cha pili hakikuweza hata kuanza mpaka mzee mmoja wa Old Moshi akubali kufungua kinywa chake. Ilibidi kwanza kumwomba ndugu. Hatudhani ya kuwa wataalamu wa leo ni watakatifu kuliko wale wa zamani. Bali kazi yenyewe iliwalazimisha kupita mlangoni pa nyumba, wabishe hodi, waketi, wasikilize habari za marehemu kwa wale wamjuao. Kijana atakayekuwa mtaalamu aanze hapo. Asomapo kitabu, apimapo damu, ahesabupo watu wa kijiji kwa ajili ya andiko lake la chuo, kabla ya kuandika nambari aulize jina, na aliulize kwa mwenyewe.

Jambo la kufanya liko karibu. Mwezi wa Novemba kila parokia hupokea majina ya marehemu, yakaandikwa katika karatasi na kuwekwa altareni. Watu wa Kibosho na Siha, Meru na Songea, Rwanda pia, wana majina ya wazee waliochukuliwa. Wengine walibatizwa, wengi hawakubatizwa. Katekista mmoja alituuliza kama majina ya namna hiyo yaruhusiwa. Yaruhusiwa. Kanuni ya 901 yampa padre uhuru wa kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Lile fuvu moja lililolingana kabisa mwaka 2023 lilikuwa limeandikwa Berlin kwa neno moja tu: Akida. Nalo si jina, ni cheo. Alikuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Kama jina lake la nyumbani halijulikani parokiani kwenu, andikeni hivyo hivyo, Akida wa Mangi Meli, na padre atalisoma.